Kaka ameficha mofini ya mama

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku. Mama amesinzia kidogo na sijui ataamka saa ngapi. Ana miaka 68. Saratani ilianzia kwenye titi, sasa imeingia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Mwezi uliopita daktari alituita pembeni, mimi na kaka yangu mkubwa, akatuambia hakuna zaidi la kufanya, tumrudishe nyumbani tukamtunze. Tukapewa chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Anywe kila baada ya saa 4, na kabla ya kulala anywe mara mbili ya kipimo cha kawaida ili asiamshwe usiku wa manane.

Siku ya kwanza nilimpa kama nilivyoelekezwa. Shangazi, mama alilala karibu saa 14. Niliketi kando yake nikihesabu pumzi. Alipoamka alisema maneno mawili matatu, akatapika, akalala tena. Kaka alipokuja jioni akamkuta hivyo, akanigeukia: "Unamuua mama kwa mkono wako." Akaichukua chupa, akaifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao. Huja asubuhi kabla ya kazi na jioni akitoka. Akimkuta mama anaugulia, anampimia kijiko. Akimkuta kimya, hampi. Anasema dawa ile ni ya mwisho, ukiianza mapema itakosa nguvu siku itakapohitajika kweli, na kwamba wanaoitumia hugeuka mateja. Usiku ananiachia panadoli.

Kaka si mtu mbaya. Tangu mama augue yeye ndiye aliyebeba gharama zote, na mara mbili nimemkuta nyuma ya nyumba akilia peke yake.

Mama mwenyewe halalamiki. Wageni wakija anatabasamu, wakiondoka anauma upindo wa shuka. Ukimuuliza anasema, "Nipo tu mwanangu, msijisumbue." Lakini nikimgeuza jasho linamtoka. Mguu wa kushoto anasema unachoma na kupiga kama umeme, kuanzia kiunoni hadi unyayoni. Choo hajapata, leo siku ya tano. Chakula anaonja tu.

Juzi usiku aliniuliza, "Hivi nimebakiza siku ngapi?" Nikamwambia asiseme hivyo, atapona. Akageukia ukutani. Tangu hapo haniulizi kitu.

Je, kaka yuko sahihi? Kweli nilikuwa namuua mama? Na akiniuliza tena nimjibu nini?

Binti asiyelala

Marahaba, binti yangu.

Hapana, hukuwa unamuua. Nimeuguza wagonjwa wa namna hii miaka mingi kabla sijakalia kiti hiki cha kujibu barua, na nakujibu hilo kwanza kwa sababu nadhani ndilo lililokuamsha ukaandika.

Mtu mwenye maumivu ya mifupa halali, anafumba macho tu. Maumivu yakimwachia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mwili unadai usingizi wake wote kwa mpigo. Juu ya hapo mofini yenyewe humfanya mgonjwa asinzie siku 2 au 3 za mwanzo, kisha mwili unaizoea na usingizi ule unapungua. Namkumbuka bibi mmoja aliyelala siku mbili alipoanzishiwa dawa hii. Ndugu wakaitana, chumba kikajaa, wengine wameshaanza kunong'ona habari za maziko. Siku ya tatu akaamka, akawatazama, akauliza nani amewaruhusu kuingia na viatu. Kutapika nako mara nyingi ni kwa siku za mwanzo, na ipo dawa ya kuzuia hali hiyo, mngeiomba. Kaka yako aliiona siku ya kwanza akahukumu. Siku ya nne hakuifikia.

Hata hivyo kulala na kupoteza fahamu ni mambo mawili, nawe ujue kuyatofautisha ili usikae tena kuhesabu pumzi kwa hofu. Ukimgusa bega na kumwita, akafumbua macho akakujibu hata neno moja, huyo amelala. Ukimwita na kumtikisa asiamke, akawa anapumua kwa nadra mno, au mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimpe dozi nyingine, na pigia simu timu inayomtibu saa hiyo hiyo. Hali hiyo haitokei kwa urahisi pale dozi inapoanzia chini na kupandishwa hatua kwa hatua na aliyeiandika. Wa kuangaliwa zaidi ni wenye figo dhaifu, maana dawa hukawia kutoka mwilini mwao. Kama mama aliwahi kuambiwa ana tatizo la figo, au mkojo wake umepungua sana, waambie kabla hamjaendelea.

Sasa nije kwenye kabati. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, basi. Kaka anampa anapomkuta anaugulia, maana yake mama lazima aumie kwanza ndipo astahili dawa, halafu angoje nusu saa au zaidi ianze kumsaidia. Na maumivu yaliyokwisha panda ni magumu kuyashusha kuliko yale yaliyozuiwa yasipande, hudai dawa nyingi zaidi. Kwa hiyo anapata kile kile anachokiogopa: kipimo kikubwa kwa mkupuo, usingizi mzito, kisha kilio tena. Anampandisha na kumshusha mama kama ndoo ya kisima. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, lilisisitiza kwamba dawa inywewe kwa mdomo na ifuate saa. Saa ikifika mgonjwa anakunywa, awe anaumia au haumii. Hasa kama haumii, maana hapo ndipo dawa inapofanya kazi yake.

Maumivu yakichomoza katikati ya dozi mbili, ipo dozi ya ziada. Mwambie aliyeandika dawa akupe kiasi chake kwa maandishi, na kila ukiitumia andika saa kwenye daftari. Akiona umeitumia mara nyingi kwa siku atajua dozi ya kawaida ni ndogo, ataipandisha yeye, si wewe wala kaka. Na kile kijiko kiacheni. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msome lebo kila mnapopewa chupa mpya, kwa sababu mofini za maji hazilingani ukali. Kuifungia kabatini si kosa, ni dawa ya kufungiwa kweli. Kosa ni ufunguo kulala nyumba nyingine. Panadoli nayo haikatazwi, inaweza kwenda pamoja na mofini ikiwa haizidi kiwango cha siku. Haiwezi tu kukaa mahali pake.

Kuhusu uteja: teja huitafuta dawa hata inapomharibia maisha. Mama yako anatafuta kugeuka kitandani bila kutokwa jasho. Ni kweli mwili huizoea mofini, ndiyo maana haikatwi ghafla, na huku kupewa leo na kunyimwa kesho kunaweza kumletea jasho, kutotulia na tumbo kusokota. Lakini zipo hata dawa za shinikizo la damu ambazo haziachwi ghafla, na sijasikia mtu akiitwa teja kwa ajili yake. Na hilo la kuiwekea akiba? Panadoli ina kikomo chake kwa siku. Mofini kwa maumivu ya saratani haina kikomo cha namna hiyo, hupandishwa kadiri ugonjwa unavyopanda. Siku ya mwisho itakuwa na dawa yake, haihitaji kuinyang'anya siku ya leo.

Usimcheke kaka lakini. Hofu yake imejaa hata kwenye maofisi na kwenye vitabu vya sheria. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilifikiwa na tani 0.1. Dawa hii haina ugumu wa kutengeneza. Inayokosekana ni mikono inayoruhusiwa kuiandika na isiyotetemeka. Uganda ilibadili kanuni zake mwaka 2004, wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito kama wa mama, wakaruhusiwa kuiandika, si daktari peke yake. Chupa mliyonayo ninyi imevuka vikwazo vyote hivyo, ikaja kukwama kwa kaka.

Kisha choo. Usingizi huisha, kichefuchefu huisha, kufunga choo hakuishi kamwe kwa anayetumia mofini. Aliyeandika mofini bila dawa ya kulainisha choo ya kila siku ameandika nusu ya matibabu, nami huwa nakasirika nikiona hivyo. Siku tano ni nyingi. Piga simu leo, kabla ya jambo lingine lolote. Tumbo lililojaa lenyewe linaumiza, linaleta kichefuchefu, linafukuza hamu ya chakula, hata linaweza kumchanganya mgonjwa akaanza kuongea yasiyoeleweka, na wote mtaisingizia mofini. Usimwekee dawa ya kusukuma kwa njia ya haja kubwa mpaka muuguzi amempima.

Ule mguu nao umenifanya nisome barua yako mara ya pili. Maumivu ya kuchoma na kupiga kama umeme ni ya mishipa ya fahamu, na mofini peke yake mara nyingi haiyamalizi. Zipo dawa nyingine zinazoongezwa, kama amitriptylini au gabapentini, kwa hiyo mweleze daktari kwa maneno yale yale ya mama: unachoma, unapiga kama umeme, unaanzia kiunoni. Uliza pia kuhusu mionzi. Kwa saratani iliyoingia mfupani, mara nyingi kikao kimoja tu cha mionzi hupunguza maumivu, si lazima mama apelekwe na kurudishwa wiki nzima. Na jambo hili liandike kwa wino mwekundu: miguu ikianza kulegea, akipoteza hisia kiunoni au mapajani, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, mpelekeni hospitali siku ile ile, si kesho yake. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na siku moja inaweza kuamua kama atasimama tena au la.

Hebu angalia tulipofika. Nimeshataja mambo kadhaa ya kumfanyia mama, na ninyi mliambiwa hakuna zaidi la kufanya. Sentensi hiyo ningeweza ningeifuta vinywani mwa madaktari wote. Aliyenifundisha kuichukia, kwa maandishi yake, ni Cicely Saunders, mwanamke aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akarudi darasani akawa daktari kwa sababu aliona wanaokufa wanaachwa peke yao. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu. Kuna hofu, kuna mambo ya familia yaliyoachwa njiani, kuna maswali ya roho, na yote yanaumia mahali pamoja. Ndiyo maana hospisi si jengo la kwenda kufia. Ni timu: muuguzi, daktari, mtu wa ustawi wa jamii, mtu wa dini kama mgonjwa anamtaka, na mara nyingi timu hiyo humfuata mgonjwa nyumbani kwake. Ulizeni hospitali iliyomtibu wawaunganishe na tiba shufaa iliyo karibu nanyi. Na kaka akisema hiyo ni kumharakisha, mwambie kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Marekani: wagonjwa wa saratani ya mapafu walioanzishiwa tiba shufaa mapema waliishi kwa wastani miezi 11.6, wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu miezi 8.9.

Nadhani umeshaona ninakokwenda na lile swali la mama. Aliuliza siku zilizobaki, ukamfungia mlango kwa neno "utapona", akaelekea ukutani. Sikulaumu, kila mtoto hujibu hivyo mara ya kwanza. Lakini mlango unaweza kuufungua wewe. Jioni moja maumivu yakiwa yametulia, kaa karibu umwambie, "Mama, juzi uliniuliza kitu nikakikimbia. Wewe mwenyewe unaonaje? Nini kinakusumbua zaidi?" Kisha nyamaza. Huenda hataki tarehe kabisa. Huenda anataka kujua nani atakaa na wewe, au kuna mtu anataka aitwe, au anaogopa kukosa hewa. Akitaka ukweli, mwambie madaktari wanaona ugonjwa umezidi nguvu za dawa, siku hawazijui, na hutamwacha peke yake. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo pekee uliyo na uwezo nayo.

Na umzoeze kutoa namba. "Unaumwa?" ni swali la adabu, naye anakujibu kwa adabu. Mwulize hivi: sifuri ni hakuna maumivu, 10 ni makali kuliko yote, nikikugeuza ubavu huu ni ngapi? Usiku huu uliopita ilikuwa ngapi? Siku atakaposhindwa kusema, uso wake utakuambia: ndita, meno kubana, mkono kung'ang'ania ukingo wa kitanda.

Haya, kaka. Umeandika kwamba huja asubuhi na jioni. Basi hajawahi kumwona mama saa 8 usiku. Usipigane naye, wala usiibe ufunguo. Mwambie umechoka, jambo ambalo ni kweli, umwombe alale zamu mbili kando ya kitanda. Mpe daftari aandike namba za mama kila baada ya saa 4, usiku kucha. Kisha muite muuguzi wa tiba shufaa aje yeye akiwepo, na muuguzi amweleze yeye, si wewe, maana dada mdogo hata akiwa na haki masikio ya kaka mkubwa huwa mazito. Mwisho mama aulizwe mbele yenu wote kama anaitaka dawa. Ana akili zake timamu. Chupa ile ina jina lake, na nashangaa kwamba katika barua yako nzima hakuna mahali alipoulizwa.

Mkiwa na muuguzi huyo, msimwachie aondoke kabla hajawaeleza mambo ya mbele. Akishindwa kumeza dawa itapitia wapi? Ipo njia ya sindano ndogo chini ya ngozi, na mofini kidogo yaweza pia kudondoshewa ndani ya shavu. Nani atapokea simu usiku? Mweleweshwe pia kwamba siku za mwisho hamu ya chakula huondoka kwa sababu mwili umeacha kukihitaji, msimlazimishe. Lowesheni midomo kwa pamba, mgeuzeni kila baada ya saa 2 hivi ngozi isichubuke. Pumzi ikianza kukoroma kooni mlazeni ubavu. Sauti ile huwatesa waliokaa kuliko aliyelala, na kuna dawa ya kuipunguza.

Kuna jambo nataka mlijue mapema, wewe na kaka yako, kwa sababu nimewaona watu likiwatafuna kwa miaka. Mama atakunywa dozi nyingi, na moja kati ya hizo itakuwa ya mwisho. Mtu mmoja atakuwa ameishika ile bomba. Huenda mama ataaga nusu saa baadaye. Haitakuwa dozi iliyomchukua, ni ugonjwa, nayo ilimkuta tu njiani na kumpunguzia uzito. Mwambie kaka hivyo kabla zamu yake haijafika. Nahisi hiyo ndiyo hofu iliyoufunga mlango wa kabati, zaidi ya habari za mateja.

Anza na simu ya choo. Niandikie baada ya siku tano, unieleze mguu unaendeleaje, namba za usiku zimeshuka kufikia ngapi, na kaka amelala zamu ngapi.

Shangazi